Asali Isiyoshukuriwa

Nilipokuwa mtoto, kuvunja chungu kulisameheka upesi kuliko kumpita mtu mzima bila kumwamkia. Chungu kingefinyangwa kingine. Lakini mtoto aliyempita mzee kimya alikuwa amewaaibisha wazazi wake mbele ya kijiji kizima, na habari zake zingefika nyumbani kabla yake. Nilikulia Iramba, katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Ulemo, kati ya mashamba ya alizeti na yale mawe yetu makubwa yaliyopandana. Kufikia miaka tisa, shikamoo ilikuwa inanitoka yenyewe. Jioni moja niliamkia kisiki nikidhani ni mzee ameketi kupumzika, nikasimama kungoja kuitikiwa, na kaka zangu wa kwa baba mdogo walinicheka kwa hilo mpaka nilipoolewa.

Kwa hiyo nikitaka kusimulia jinsi mguu wa Mama ulivyopona, sina budi kuanza na salamu.

Mama alijikata kwa jembe wakati wa palizi. Jembe liliteleza juu ya jiwe likampiga mguu wa kushoto, mbele, pale ambapo ngozi imelala juu ya mfupa. Alijifunga kipande cha kanga akamalizia mstari wake, kwa sababu mawingu yalikuwa yamekusanyika na mtama haungoji. Wiki ya kwanza tuliona ni jeraha tu. Wiki ya tatu lilikuwa donda la kutosha kiganja changu, na lilikuwa linanuka. Nililala naye kitanda kimoja. Nilijifanya sisikii ile harufu, naye alijua najifanya, akawa anajisogeza ukutani ili mguu uwe mbali nami. Hilo ndilo linaloniuma nikikumbuka siku zile, kuliko hata donda lenyewe.

Baba hakuwapo. Msimu ule wote alikuwa Singida Mjini akipakia na kushusha magunia ya vitunguu, na tulimwona mara moja kwa mwezi. Kwenye nyumba yetu ya tembe tulikuwa watatu: Mama, mimi, na Bibi aliyemzaa Baba. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mnusa ugoro, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Alizungumza na kila kitu. Kuku walipoingia jikoni aliwauliza kama wamekuja kupika.

Kila asubuhi Mama alijikongoja na fimbo mpaka zahanati kusafishwa donda na kuchomwa sindano. Pale alikuwapo Daktari Hamisi. Kwa cheo alikuwa tabibu, lakini kwetu aliyevaa koti jeupe alikuwa daktari na mjadala umekwisha. Alikuwa kijana wa Tanga, msafi kupita kiasi, na uchafu ulimtia hasira kama vile umemtukana yeye binafsi. Ilisemekana kwamba mwezi wake wa kwanza pale alipokea kichanga kilichopakwa mavi ya ng'ombe kwenye kitovu, akakesha nacho na hakukiokoa. Tangu hapo kila dawa iliyotoka jikoni kwa mtu aliiona ni ndugu ya yale mavi.

Bibi alimsindikiza Mama siku za mwanzo, akiwa ameshalipaka donda majani aliyoyatwanga mwenyewe. Daktari aliyasugua yote akayatupa, kisha akasema mbele ya watu waliojaa kwenye benchi kwamba mama mzee huyu akirudia kuweka uchafu, asimlete tena mgonjwa pale. Bibi alisimama, akakaza shuka lake, akarudi nyumbani. Jioni ile hakusema neno, hata kuku walipoingia jikoni. Akaapa kwamba miguu yake haitakanyaga tena kwenye ile sementi ya zahanati.

Basi ikaja Alhamisi. Mama alirudi akakaa karibu na mafiga, akamweleza Bibi kwa sauti ya chini wakidhani nimesinzia. Daktari amesema dawa ya kusafishia imekwisha, anatumia maji ya chumvi tu. Sindano ataendelea nazo. Lakini Jumatatu akiona donda halijageuka, atamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na ajiandae kwa lolote watakalosema kuhusu mguu. Nilisikia neno kukata. Mama hakulia. Aliuliza tu:

"Mama, nikikatwa mguu, nani atalima?"

Bibi alinusa ugoro wake taratibu, kisha akasema kwa Kinyiramba kwamba Jumamosi ataagiza asali.

Haikuwa asali ya kulia mihogo. Ilikuwa ya nyuki wadogo, wale wasiouma, wanaojificha kwenye matundu ya miti na kutoa asali nyepesi yenye uchachu. Mzinga mzima hautoi hata kikombe. Kaka yake Bibi, Babu Yohana, aliyekaa upande wa pili wa yale mawe, alikuwa nayo siku zote. Lakini ikishaitwa dawa, asali hiyo inakuwa na masharti yake. Mgonjwa haiendei mwenyewe. Aliyeibeba haiweki chini, hasalimii mtu wala kuitikia salamu ya mtu mpaka afike. Na ikishafanya kazi, haishukuriwi. Ukiishukuru, ugonjwa unaambiwa njia ya kurudi. Magoti ya Bibi yasingeweza ile safari, kwa hiyo aliyebaki nilikuwa mimi.

Jumamosi alfajiri Bibi alichomoa unyasi mmoja mkavu kwenye ufagio wake wa uani, akaukata urefu wa kidole, akaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Akaniambia kwamba Babu Yohana akinipa kibuyu, niuweke unyasi huo mdomoni, niubane kwa midomo.

"Huu ukiwa mdomoni, wewe si mtoto wa mtu," alisema. "Watu wataona na wataelewa. Ukiudondosha, dawa inabaki njiani, na nyumbani unaleta asali tu ya kulamba."

Akanishika kidevu akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Mama alikuwa mlangoni amejiegemeza kwenye fimbo. Alinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa na mtu mzima, kama mimi ndiye mkubwa.

Kwenda kulikuwa kwepesi. Niliamkia kila niliyemkuta, hata wale wa mbali shambani. Babu Yohana alikuwa ameshaandaa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Alinikabidhi, nikaweka unyasi mdomoni, naye akanigeuzia mgongo bila kuniaga, maana ndivyo inavyotakiwa.

Nisiseme uongo: kurudi kulinipa kiburi. Wanawake waliokuwa kisimani waliona unyasi, wakaona kibuyu, wakasogeza ndoo zao nipite. Mzee wa kanisa, yule aliyetaka aamkiwe kuanzia hatua hamsini, alikuja upande wangu, akanitazama mdomo, akageuza uso wake kwenye mawe kana kwamba hakuna mtu njiani. Mimi, mtoto wa darasa la tatu, watu wazima walinipisha. Nilitembea nimenyoosha shingo, nikaanza kufikiri kwamba mguu wa Mama umeshapona.

Kwenye korongo nikakutana na Daktari Hamisi.

Alikuwa anatoka kuchanja watoto kijiji cha jirani, kasha la chanjo amelifunga nyuma ya baiskeli. Aliponiona alishuka kwenye baiskeli akaiegemeza mwilini. Yeye hakuwa mtu wa kwetu. Unyasi kwake ulikuwa ni unyasi tu, na mtoto mwenye unyasi mdomoni ni mtoto anayecheza.

"Rebeka, hujambo? Mama yako ameamkaje leo?"

Nilisimama. Mpaka leo nikipita korongo lile najua ni mahali gani hasa niliposimama. Nilimtazama viatu vyake, vilivyokuwa vyeupe kwa vumbi, na nikawa nahesabu kwa akili yangu ya miaka tisa. Huyu ndiye anayeushika mguu wa Mama kila asubuhi. Huyu ndiye ataandika barua au hataiandika. Nikimnyamazia atakasirika, na nimeona akikasirika. Nikimwamkia, dawa inabaki hapa mchangani. Sikuona njia ya tatu. Na katikati ya kuhesabu huko, mdomo wangu ulifanya kile ulichofundishwa tangu nianze kusema.

"Shikamoo."

Unyasi ukaanguka.

"Marahaba," alisema Daktari.

Nilitazama chini kuutafuta. Korongo lote lilikuwa limejaa nyasi kavu zilizoletwa na maji ya mvua iliyopita, na kila mmoja ulikuwa kama wangu. Nikaanza kulia, na si kile kilio cha mtoto aliyeanguka. Nililia kama watu wanavyolia msibani, mpaka Daktari akailaza baiskeli chini pamoja na kasha lake la chanjo, akachuchumaa mbele yangu akiuliza nani amekufa.

Nikamwambia yote. Kwa kuwa dawa ilikuwa imeshakufa, sikuona sababu ya kuificha. Nikamwambia juu ya asali, nyuki wadogo, unyasi wa ufagio. Nikamwambia kwamba Bibi alikuwa amepanga awe anafungua bandeji kila jioni baada ya yeye kuifunga asubuhi, anapaka asali iliyochanganywa na mizizi, anafunga tena vilevile ili asijue. Nikamwambia kwamba sasa Mama atakatwa mguu kwa ajili yangu.

Nilingoja afoke. Hakufoka. Aliomba kibuyu, akachomoa gunzi, akanusa. Akadondosha tone moja nyuma ya mkono wake akalilamba.

"Mizizi imeshatiwa humu?" aliuliza.

Nikasema bado, Bibi atatia nyumbani.

"Mwambie asitie," alisema. Kisha akajirudi. "Hapana, usimwambie kitu. Nitakuja mwenyewe jioni."

Akapanda baiskeli akaenda zake. Mimi nilibaki pale nimekumbatia kibuyu. Kando ya korongo palikuwa na sehemu yenye unyevu, na nyasi changa zilikuwa zimeota. Nikachuma mmoja, nikaukata urefu wa kidole, nikauweka mdomoni. Nikaenda nao mpaka nyumbani bila kusema na mtu, kana kwamba kulikuwa na kitu kilichobaki cha kulinda.

Bibi alinipokea uani. Alichukua kibuyu, akanitazama mdomoni kwa muda, kisha akautoa ule unyasi kwa vidole vyake mwenyewe na kuufumba kwenye kiganja.

"Umefika," alisema.

Basi. Nikaona nimemdanganya, na kumdanganya Bibi hakukuniletea raha yoyote. Mchana ule tulikula ugali wa uwele na mlenda, chakula nilichokuwa naweza kukigombania, na sikuweza kumeza. Mara tatu nilimfuata Bibi jikoni niungame. Mara zote tatu nilimkuta ameinama juu ya jiwe akisaga mizizi yake, akiimba wimbo wa kanisani kwa puani, na Mama pale nje ameketi juani amenyoosha mguu, akisikiliza lile jiwe likisaga. Nikageuka. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba anachokisikiliza ni bure.

Jua lilikuwa limeshuka lakini halijazama Daktari Hamisi alipokuja. Hakuwa na koti jeupe. Bibi alimwona tangu mbali, akavuta kigoda chake akakiweka katikati ya mlango, akakalia. Mama akataka kusimama, Bibi akamwambia akae. Nami nilijibanza nyuma ya kihenge nikijua kwamba sasa yote yatatoka.

Daktari alisimamisha baiskeli, akavua kofia, akainama kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

Zahanati alikuwa akimwita mama mzee. Bibi alifungua kikopo cha ugoro, akachota, akanusa pua moja, akanusa ya pili, akafunga kikopo. Kijana wa watu bado ameinama.

"Marahaba," alisema Bibi. "Rebeka, mletee mgeni kiti."

Daktari hakunitaja mbele yao. Sijui kwa nini aliamua hivyo. Alisema amesikia kwamba Bibi ana asali ya nyuki wadogo, na kwa kuwa dawa yake ya kusafishia imekwisha, amekuja kuulizia. Chuoni walikuwa na mwalimu mmoja mzee aliyewaambia kwamba donda linalonuka na kukataa kufunga, asali safi inaweza kulisaidia, ila wanafunzi walicheka na yeye alikuwa mmoja wa waliocheka. Aliposema hivyo alijikuna shingo, na Bibi aliendelea kumwangalia bila kumsaidia.

Wakaanza kupatana, na sijawahi kuona mapatano makali kama yale hata mnadani. Daktari alikubali asali. Mizizi alikataa. Bibi akauliza mizizi imemkosea nini. Daktari akasema haijamkosea kitu, ila yeye haijui, na kitu asichokijua hawezi kukiweka ndani ya nyama ya mtu. Bibi akasema yeye anaijua. Daktari akajibu kwamba Bibi ataiweka kwenye donda lake mwenyewe siku akijikata. Pale nilidhani tumekwisha, lakini Bibi alitoa sauti fulani puani ambayo sisi wa nyumbani tulijua ni kicheko. Mizizi ikabaki kwenye jiwe.

Daktari akaweka masharti yake. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Donda lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakatiwa chumvi, yakapoa. Asali ipakwe na yeye mwenyewe, zahanati, kila siku, na afunge kwa bandeji safi, na mtu mwingine asiifungue. Sindano ziendelee. Bibi naye akaweka lake moja tu, kwamba ikifanya kazi mtu asiishukuru.

"Sitashukuru," alisema Daktari Hamisi, na hakucheka.

Mama, ambaye mguu ulikuwa wake na hakuna aliyemuuliza kitu, alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Jumatatu Daktari hakuandika barua. Donda halikuwa limepungua hata kidogo, lakini harufu ilikuwa imekwisha. Mimi ndiye niliyejua wa kwanza, usiku wa Jumapili, kwa sababu Mama alisahau kujisogeza ukutani. Wiki iliyofuata nyama nyekundu ikaanza kuota pembeni. Mtama ulipoanza kuchanua, Mama alitupa fimbo.

Mama alikuwa na daftari la mistari ambalo lilikuwa ndiyo kadi yake ya zahanati. Bibi hakujua kusoma. Siku moja alinipa daftari hilo akaniambia nimsomee alichoandika yule kijana. Nikasoma: maji ya chumvi, asali, bandeji safi, kila siku. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniuliza neno asali ni lipi, nikamwonyesha, akaweka kidole chake juu yake. Siku hizo zote nilisoma ukurasa ule mara nyingi kuliko kitabu changu cha shule.

Baadaye akaletwa zahanati mzee aliyeungua mkono, na Daktari akaja mwenyewe kuomba asali iliyobaki. Bibi alimpa kibuyu. Kisha akainama kwenye ufagio, akachomoa unyasi, akaukata urefu wa kidole, akamnyooshea. Daktari aliutazama, akanitazama mimi, na nilijua kwamba korongo limemrudia akilini. Akauweka mdomoni. Akaondoka akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja na kibuyu kwa mkono wa pili, kimya, na watu wakampisha. Sijui kama aliutoa alipopita kona ya shule. Bibi alisema hakuutoa.

Kwa miaka mingi nilibeba siri yangu. Mguu ulikuwa umepona, ndiyo, lakini niliamini nimewaponza kidogo, na kwamba siku moja dawa itakumbuka kwamba iliachwa korongoni. Mama akilalamika uchovu tu, mimi nautazama mguu wa kushoto.

Sasa mimi ni muuguzi, hapa Singida Mjini, na kazi yangu kubwa ni chumba cha vidonda. Nimesoma kwa nini asali inaweza kusaidia donda, jinsi utamu wake unavyovuta maji na kuwanyima wadudu nafasi. Wakati mwingine tunaletewa bandeji zilizotiwa asali kiwandani, zimefungwa vizuri na maandishi ya kigeni juu, na nikiichana moja huwa nainusa kwanza. Siwaambii watu wakajipake ya dukani. Nyingine ni sukari iliyopikwa, na nimewahi kupokea mtoto aliyepakwa kitu kilichouzwa kwa jina la asali, na hatukufurahia mwisho wake. Wala siwezi kuapa kwamba ni asali iliyomponya Mama. Kulikuwa na sindano, kulikuwa na chumvi, kulikuwa na mikono iliyooshwa. Ninachoweza kuapa ni kwamba donda lile lingeguswa na watu wawili wasiosemezana, mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila mmoja akiharibu kazi ya mwenzake, na mguu ungekatwa. Kilichowakutanisha ni adabu ya mtoto aliyeshindwa kufunga mdomo.

Ndiyo maana nikifungua bandeji nauliza swali moja, na nauliza polepole: nyumbani mmetumia nini? Watu hutazama sakafu. Nami hukaa kimya nikingoja, na siku nyingi hujibiwa.

Mwaka jana nilienda kijijini kumuuguza Bibi. Hakuwa na ugonjwa wenye jina, alikuwa amechoka tu. Nilikuwa namkata kucha za miguu, mguu wake umelala mapajani mwangu, na nikaona kwamba nisiposema siku ile sitasema tena. Nikamwambia kwamba ile siku ya asali nilimwamkia Daktari. Nikamwambia unyasi ulianguka.

Aliendelea kufumba macho.

"Uliondoka na unyasi mkavu wa ufagio wangu," alisema. "Ukarudi na mbichi. Ulidhani mimi kipofu?"

Mkasi ulinisimama mkononi. Nikamuuliza, kama alijua tangu siku ile, kwa nini aliipokea ile asali, kwa nini alisaga mizizi mchana kutwa kwa ajili ya dawa iliyokufa. Maana Bibi aliyaamini masharti yale. Hilo naomba lieleweke. Hakuwa mtu wa kufanya mzaha na mambo yale.

Aliuondoa mguu ule mapajani mwangu, akaniletea wa pili.

"Ningesema dawa imeharibika njiani, na mama yako akakatwa mguu, mguu ule angeubeba nani maisha yake yote?" aliuliza. "Wewe. Nikaona heri nikosee mimi. Mimi nilikuwa mzee tayari."

Nililia kama kwenye korongo. Nikafungua mdomo kumwambia lile neno ambalo mtu yeyote angemwambia, na yeye akafumbua macho yake akanitazama, akaweka kidole kwenye midomo yake. Nikanyamaza. Nikamalizia kucha.

Alifariki kabla ya mavuno. Kaburini waliniita niseme machache kwa niaba ya wajukuu, nikasema. Nilisema juu ya ugoro wake, juu ya kuku, na watu wakacheka ndani ya machozi. Mwongozaji alinong'ona kwamba nimesahau kumshukuru marehemu kwa malezi, maana wengine wote walishukuru. Nikamwambia sikusahau. Kando yangu Mama alikuwa amesimama tangu ibada ilipoanza, amekataa kiti, na miguu yake yote miwili imekanyaga udongo.